Bei ya Mikono Safi: Hesabu ya Kazi ya Kuhimiza Usafi Vijijini

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima apelekaye maziwa au majani ya chai kwenye chama cha ushirika aijua sana maana ya maneno hayo, kwa sababu kila mwisho wa mwezi hulinganisha kilo alizopeleka na shilingi alizopokea. Karani naye aijua, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Lakini iko kazi moja kubwa vijijini ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikifanywa kwa nusu ya daftari tu. Kazi hiyo ni kuwafundisha watu usafi wa nyumbani, yaani kuchimba choo na kukitumia, kunawa mikono kwa sabuni, na kuyaweka maji ya kunywa katika chombo safi chenye kifuniko.

Si kwamba fedha hazikuandikwa. Ziliandikwa: mishahara ya waalimu, nauli, petroli, mabango, hata chai ya mikutano. Idadi ya watu waliohudhuria iliandikwa pia. Kilichopungua ni ukurasa wa pili, ule wa kuonyesha fedha hizo zilinunua nini. Je, watu waliofundishwa walibadili desturi zao? Wangapi? Na baada ya mwalimu kwenda zake, desturi mpya ilidumu kwa muda gani? Maswali haya si ya wakubwa wa idara ya afya peke yao. Fedha zinazotumika hutoka katika kodi ya mkulima yule yule au kwa wafadhili, na saa zinazotumika kuchota maji ni saa za mkewe na watoto wake.

KOPO LILILOKAUKA

Tuseme Bwana Afya aingia katika boma moja na kuona kibuyu chirizi karibu na choo. Wasomaji wengi wakijua chombo hiki. Ni mtungi mdogo wa plastiki uliotobolewa tundu, ukaning'inizwa juu ya mti, na kamba yake ikafungwa kwenye kijiti cha kukanyagia. Mtu akikanyaga, mtungi huinama na maji hutiririka, wala hahitaji kuushika kwa mikono michafu. Ni kifaa cha bei ndogo, na fundi wake aweza kuwa mtoto wa shule.

Bwana Afya aandika katika karatasi yake: "Kipo." Kisha aenda boma la pili. Jioni ahesabu vibuyu 60 katika nyumba 100, na taarifa yapelekwa mbele kwamba watu 60 kwa mia wananawa mikono. Lakini hakutazama kama mtungi una maji, wala hakuuliza sabuni iko wapi. Kama mtungi umekauka tangu juma lililopita na buibui amejenga ndani yake, kilichohesabiwa ni plastiki, si mikono iliyonawiwa.

Hapa ndipo ilipo shida ya kwanza ya kupima kazi hii. Kitu huhesabika kwa urahisi; desturi haihesabiki kwa urahisi. Daraja likijengwa, kila mtu huliona. Mama akinawa mikono baada ya kumsafisha mtoto, hakuna amwonaye ila mtoto.

NANI ALIPAYE?

Kati ya mwaka 2008 na 2013 shirika la IRC la Uholanzi liliendesha kazi iliyoitwa WASHCost katika Burkina Faso, Ghana, Msumbiji, na jimbo la Andhra Pradesh nchini India. Shabaha yake ilikuwa kujua gharama kamili ya kuwapatia watu wa vijijini na wa miji midogo maji na vyoo, si kwa mwaka wa kwanza tu bali kwa miaka yote ambayo huduma yapaswa kudumu. Watafiti wake walitengeneza pia njia ya kulinganisha gharama za kuhimiza usafi na mafanikio yake. Walitazama mambo matatu: choo na matumizi yake, kunawa mikono kwa sabuni au kitu kingine cha mahali pake, na jinsi maji ya kunywa yapatikanavyo na kutunzwa. Kila nyumba hupewa nafasi yake katika ngazi, kuanzia chini ambapo hakuna desturi ya kuzuia maradhi, hatua kwa hatua mpaka juu. Baada ya kazi kufanywa, nyumba hupimwa tena ili ionekane ngapi zimepanda, ngapi zimebaki zilipokuwa, na ngapi zimeshuka.

Faida moja ya njia hiyo ni kwamba hukumbusha mifuko ya namna mbili. Mfuko wa kwanza ni wa serikali au chama kinachofundisha. Ndani yake mna gharama za mwanzo, kama kuwafunza waalimu, na gharama za kila mwaka, kama posho, nauli na usimamizi. Gharama za kila mwaka ndizo zinazosahauliwa mara nyingi, kwa sababu wafadhili wengi hupenda kuanzisha kazi kuliko kuitunza.

Mfuko wa pili ni wa wenye nyumba. Hawa hununua sabuni, huchimba shimo, hutafuta miti na mabati, na zaidi ya yote huchota maji. Chukua mfano wa nyumba yenye watu 6. Kila mtu akinawa mara 5 kwa siku, ni mara 30. Kama kila mara yatumika maji ya nusu lita yakimwagwa kwa kikombe, ni lita 15 kila siku, karibu mtungi mzima wa lita 20. Ikiwa safari ya mtoni na kurudi ni nusu saa, na safari moja yaongezwa kila siku, mchotaji atatumia saa 182 na zaidi kwa mwaka. Kwa siku ya kazi ya saa 8, hizo ni karibu siku 23. Hakuna taarifa ya serikali inayoonyesha siku hizo, lakini mama wa nyumba azijua.

Sasa tazama kibuyu chirizi. Kikitumia sehemu moja ya kumi ya lita kila mara, nyumba ile ile yatumia lita 3 tu kwa siku. Mtungi wa lita 20 watosha siku 6, na saa za kuchota zapungua kutoka 182 hadi 27 kwa mwaka. Huo ndio ubora wa kifaa hicho. Faida yake haiko katika bei ya plastiki bali katika siku za kazi anazorudishiwa mama.

MGENI NA ADABU YA MWENYEJI

Njia ya kwanza ya kupima desturi ni kuuliza. Ni rahisi, lakini hudanganya. Mwenyeji akimwona mgeni mwenye karatasi na kalamu, na akijua kuwa mgeni huyo ametoka kufundisha habari za sabuni, atajibu kama adabu inavyomtaka. Atasema ananawa. Si uongo wa ubaya. Ni heshima kwa mgeni. Lakini heshima haiwezi kuandikwa katika daftari kama afya.

Njia ya pili ni kukaa nyumbani kwa watu tangu asubuhi na kutazama yanayotendeka. Hii ni bora zaidi, ila ni ghali, nayo ina kasoro yake. Vijijini nchini Bangladesh, watafiti waliwapa watu sabuni za kawaida kwa sura, ambazo ndani yake mlitiwa kifaa kidogo cha kuhesabu kila mara sabuni inapotikisika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Siku ambayo mtazamaji alikuwapo nyumbani, sabuni ilitikisika mara nyingi zaidi kwa 35 kwa mia kuliko siku nyingine. Yaani hata macho ya mgeni hubadili desturi kwa siku hiyo.

Njia ya tatu ni ya katikati: kufika bila taarifa na kutazama mambo machache yasiyoweza kutengenezwa kwa haraka. Je, pana maji mahali pa kunawia? Je, pana sabuni, nayo ina unyevu au imekauka? Je, njia ya kwenda chooni imekanyagwa au imeota majani? Maswali haya hayathibitishi kila kitu, lakini ni ya bei nafuu, na karani yeyote aweza kuyaandika.

SENTI 21 NA SENTI 55

Mfano mmoja unaojulikana sana watoka Zimbabwe. Katika wilaya ya Makoni upande wa mashariki, na Tsholotsho upande wa magharibi, palianzishwa vyama vya afya vya vijijini. Wanachama, ambao wengi wao ni wanawake, walikutana kujifunza somo baada ya somo, kila mmoja akiwa na kadi yake ya kuandikiwa masomo aliyohudhuria. Mwaka 2005 Juliet Waterkeyn na Sandy Cairncross walichapisha hesabu ya kazi hiyo.

Makoni, waalimu 14 waliendesha masomo 1,244 kwa wanachama 11,450. Gharama ilikuwa senti 21 za dola ya Marekani kwa kila mtu aliyefaidika. Tsholotsho, waalimu 3 waliendesha masomo 182 kwa wanachama 2,105, na gharama ilikuwa senti 55 kwa kila mtu. Msomaji wa haraka atasema kwamba Makoni walifanya kazi kwa bei iliyo chini ya nusu, na kwamba Tsholotsho walitumia fedha ovyo.

Lakini karani mwangalifu atauliza kwanza: hao "waliofaidika" ni akina nani? Hesabu yaonyesha watu 68,700 Makoni na 12,630 Tsholotsho, yaani kila mwanachama mmoja amehesabiwa kuwa watu 6, pamoja na jamaa ya nyumbani mwake. Kama gharama ikigawanywa kwa wanachama peke yao, bei yapanda mara 6, yawa dola 1 na senti 26 Makoni, na dola 3 na senti 30 Tsholotsho. Fedha ni zile zile. Kilichobadilika ni kigawanyo. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba kazi fulani ni ya bei rahisi, yafaa aulize imegawanywa kwa nani.

Kisha atauliza swali la pili: fedha hizo zilileta nini? Makoni vilijengwa vyoo 2,400 katika miaka 2. Tsholotsho vilijengwa 1,200 katika miezi 18, na nyumba za wanachama zenye vyoo zilifika 43 kwa mia, hali vijiji vya kulinganisha visivyokuwa na chama vilikuwa na 2 kwa mia tu. Sasa zidisha gharama kwa watu, ugawanye kwa vyoo. Makoni ni takribani dola 14,400 kwa vyoo 2,400, yaani dola 6. Tsholotsho ni takribani dola 6,900 kwa vyoo 1,200, yaani pungufu kidogo ya dola 6. Ile tofauti kubwa ya senti 21 na senti 55 yatoweka kabisa! Bila shaka hii ni gharama ya mafundisho tu, wala haihesabu jasho na vifaa vya wenye nyumba. Hata hivyo yafundisha jambo kubwa: bei ya kumfundisha mtu si bei ya kubadili nyumba.

WALIPOPIGA KURA

Iko kasoro moja katika kulinganisha wanachama na wasio wanachama. Ajiungaye na chama cha afya kwa hiari yake huenda alikuwa mpenda usafi tangu zamani. Mkulima afahamu hili: kama mbegu mpya ikipandwa na wakulima hodari tu, mavuno yakiwa mengi haijulikani kama sifa ni ya mbegu au ya mkulima. Dawa yake ni kuchagua vijiji kwa kura, vingine vipate mafunzo na vingine vingoje.

Ndivyo ilivyofanywa katika wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, ambako vyama vya afya vya namna ile ile vilianzishwa. Vijiji 150 viligawanywa kwa kura katika mafungu matatu ya vijiji 50. Fungu la kwanza lilipangiwa masomo 20, la pili masomo 8, na la tatu halikupata kwanza. Matokeo yalitolewa mwaka 2017. Watoto wa chini ya miaka 5 waliosemwa kuwa wameharisha katika siku 7 zilizotangulia walikuwa 14 kwa mia katika fungu la kwanza, 14 kwa mia katika la pili, na 14 kwa mia katika la tatu. Kwa habari ya kuhara, masomo 20 hayakushinda masomo 8, na masomo 8 hayakushinda kutofundishwa.

Hayo ni maneno magumu kwa mtu aliyetumia miaka yake akifundisha. Lakini daftari lisiloweza kuonyesha hasara si daftari.

KAKAMEGA, BUNGOMA NA VIHIGA

Kenya nayo ilikuwa na jaribio lake kubwa. Kati ya Novemba 2012 na Mei 2014, wanawake wajawazito 8,246 waliandikishwa katika vijiji vya Kakamega, Bungoma na Vihiga, na watoto wao wakafuatwa kwa miaka 2. Vijiji viligawanywa kwa kura. Vingine vilipata dawa ya klorini ya kusafisha maji, vingine vilipata sakafu za plastiki za vyoo na vyombo vya kuondolea kinyesi cha watoto, vingine vilipata mahali pa kunawia penye maji ya sabuni na maji ya kusuuzia, vingine vilipata chakula cha kuongeza nguvu kwa watoto, na vingine vilipata mambo kadha pamoja. Waalimu walichaguliwa katika vijiji vyenyewe, wakapangiwa kuzuru nyumba kila mwezi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Katika nyumba za kulinganisha, watoto 27 hivi kwa mia walikuwa na kuhara. Katika nyumba zilizopata maji safi, vyoo, kunawa mikono, au yote matatu pamoja, kuhara hakukupungua. Chakula cha nyongeza kiliwasaidia watoto kukua kidogo. Usafi haukuongeza kimo chao. Matumaini yalikuwa makubwa zaidi, kwa kuwa uchunguzi uliokusanywa na kuchapishwa mwaka 2003 ulikisia kwamba kunawa mikono kwa sabuni kwaweza kupunguza hatari ya kuhara kwa 42 hadi 47 kwa mia.

Je, sabuni imeshindwa? Tazama ukurasa mwingine wa daftari lile lile. Mwisho wa mwaka wa kwanza, karibu robo tatu ya nyumba zilizofundishwa kunawa zilikutwa na maji na sabuni mahali pa kunawia. Mwisho wa mwaka wa pili, ni karibu nyumba moja tu katika kila tano. Vile vibuyu vilikauka. Sabuni isiyokuwapo haiwezi kulaumiwa kwa kutokuua vijidudu.

Tena, kipimo kimoja hakitoshi. Watoto wa jaribio hilo walipopimwa minyoo, ilionekana kwamba minyoo mikubwa ya tumbo ilipungua kwa 18 kwa mia katika nyumba zilizopewa dawa ya maji, na kwa 22 kwa mia katika nyumba zilizopata maji, choo na kunawa kwa pamoja. Mtu aliyetazama kuhara tu aliona bure. Aliyetazama minyoo aliona faida. Mzazi aliyewahi kumwona mtoto wake akidhoofika kwa minyoo hataidharau faida hiyo.

Bangladesh lilifanywa jaribio ndugu la hilo wakati ule ule, na huko kuhara kulipungua. Nchi mbili hizi zatofautiana kwa mengi, lakini tofauti moja yagusa mfuko moja kwa moja. Waalimu wa Bangladesh walizuru nyumba kwa wastani wa mara 6 kila mwezi; wa Kenya walipangiwa mara 1. Haiwezi kusemwa kwamba ziara ndizo sababu ya pekee. Lakini mtu aamuaye kupunguza ziara ili aokoe fedha yafaa alikumbuke jambo hilo.

HESABU YA KENYA YA SASA

Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilizindua kikosi cha wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja akipangiwa nyumba 100 hivi, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayochangiwa na serikali kuu na kaunti. Hii ni hatua kubwa, kwa kuwa kabla ya hapo wengi walifanya kazi hiyo kwa kujitolea. Kwa mfano huu yafaa kufanya hesabu.

Shilingi 5,000 kwa miezi 12 ni 60,000. Zikigawanywa kwa nyumba 100, ni shilingi 600 kwa nyumba kwa mwaka. Lakini mhamasishaji hupima pia shinikizo la damu, huwatembelea wajawazito, na hufanya mengine mengi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba robo ya kazi yake ni usafi wa nyumbani. Basi usafi hugharimu shilingi 150 kwa nyumba, au 15,000 kwa nyumba 100. Mafunzo yake, mkoba wake wa vifaa na usimamizi havimo katika hesabu hii.

Tuseme tena kwamba nyumba 5 kati ya 100 zilikuwa na desturi ya kunawa kwa sabuni hata kabla hajaja. Hizo hazihesabiki kuwa matunda yake. Ikiwa mwishoni nyumba 75 zina maji na sabuni, amezibadili nyumba 70, na kila moja imegharimu shilingi 214. Lakini ikiwa ni nyumba 20 tu zilizobaki na desturi, amebadili 15, na kila moja imegharimu shilingi 1,000. Posho haikubadilika hata senti moja. Kilichobadilika ni kudumu kwa desturi.

Sasa tuseme mwenye fedha akubali kuongeza ziara, na gharama yapanda mara mbili, shilingi 30,000, lakini nyumba 75 zadumu. Kila nyumba iliyobadilika yagharimu shilingi 429 hivi. Hiyo ni ghali kuliko 214, lakini ni chini ya nusu ya shilingi 1,000. Rahisi ni ghali, wasema Waswahili, na hapa methali hiyo yathibitishwa kwa tarakimu. Mafundisho ya bei rahisi yasiyodumu ni ghali kuliko mafundisho ya bei kubwa yanayodumu.

Mfuko wa nyumba nao usisahauliwe. Kama nyumba yatumia sabuni ya shilingi 40 kwa mwezi kwa kunawia mikono, ni shilingi 480 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya zile 150 za serikali katika mfano wetu. Mlipaji mkubwa wa usafi ni mwenye nyumba mwenyewe. Kwa hiyo vibuyu vikikauka, si haki kusema upesi kwamba wanawake wa kijiji ni wavivu au wakaidi. Yafaa kwanza iulizwe: mto uko umbali gani, na nani mwenye fedha za sabuni katika nyumba hiyo? Mume ashikaye malipo ya chai na kusahau sabuni hana haki ya kuuliza kwa nini kopo halina kitu.

DAFTARI LA KIJIJI

Kazi ya kupima haihitaji wataalamu wa mbali peke yao. Kamati ya afya ya kijiji, ikiwa na karani mmoja na daftari la shule, yaweza kufanya mambo haya.

Kwanza, kabla ya mafundisho, itembelee nyumba bila kutangaza, na kuandika ngapi zina choo kinachotumika, ngapi zina maji na sabuni mahali pa kunawia, na ngapi zafunika maji ya kunywa. Asiyepima mwanzo hawezi kujua alikotoka.

Pili, iandike gharama zote kwa safu mbili, ya wafundishao na ya wenye nyumba, pamoja na saa za kuchota maji.

Tatu, irudie kutazama nyumba zile zile baada ya miezi 6, na tena baada ya miaka 2. Ziara ya mwaka wa pili ndiyo ya maana zaidi, nayo ndiyo inayoachwa mara nyingi kwa sababu fedha zimekwisha. Ni afadhali kutenga fedha za ziara hiyo tangu siku ya kwanza.

Nne, ikiwezekana, itazame pia kijiji jirani kisichofundishwa. Mvua ikinyesha vizuri na maji yakawa karibu, nyumba za vijiji vyote viwili zaweza kuwa safi zaidi, na mwalimu akajitwalia sifa za mvua.

Tano, hesabu isomwe barazani mbele ya watu wote. Wanakijiji wakisikia kwamba nyumba 75 zimekuwa 20, wao wenyewe watajua sababu kuliko mgeni yeyote. Pengine kisima kimeharibika. Pengine ng'ombe huvunja vibuyu. Pengine sabuni iliyokuwa ikitolewa bure imekoma. Kila sababu ina dawa yake na bei yake.

Hapana shaka kwamba mikono safi ni bora kuliko mikono michafu. Jambo hilo halihitaji kujaribiwa tena. Linalohitaji kupimwa ni kama njia fulani ya kufundisha yaifanya mikono ya watu kuwa safi, kwa bei gani, na kwa muda gani. Wilaya yenye kuogopa swali hilo itaendelea kununua mabango. Wilaya yenye kulikubali yaweza kugundua kwamba fedha zake zingefaa zaidi katika kutengeneza kisima, ili mama asitembee nusu saa kwa ajili ya maji ya kunawia.

Basi Bwana Afya afikapo tena katika lile boma, miaka 2 baada ya mafundisho, asitosheke kuandika "Kipo." Na akanyage kile kijiti kwa mguu wake mwenyewe, aone kama maji yatatoka.